Kusoma Chokaa

Mara ya kwanza nilipoingia mbuga ya Hell's Gate na darubini, nilitazama angani mpaka shingo ikauma. Nilikuwa nimekodi baiskeli, nikalishika vumbi la barabara kutoka lango la Elsa, magenge yamesimama huku na huku, hewa inanuka leleshwa. Kijana aliyekuwa akinielekeza alinivumilia kwa muda, kisha akasema, "Mzee, achana na mawingu kwanza. Tafuta chokaa."

Chokaa ni mavi. Tumbusi hulala na kuzaa kwenye vidaka vilevile vya genge mwaka baada ya mwaka, na kinyesi chao huteremka ukutani kwa michirizi myeupe. Panapong'aa pana wenyewe, palipofifia wamehama. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kutazama ndege huanza kwa kutazama kitu kingine kabisa.

Chukua pimbi wanaoota jua kwenye mnara wa Fischer, lile jiwe la volkano lililosimama peke yake kando ya njia. Wakipiga ukelele na kuzama mianyani wote kwa mpigo, huna haja ya kuuliza. Inua uso. Tai mweusi, ambaye pimbi ndio ugali wake, anakata kona. Ukiwa chini utamwona mweusi tii, ila mabaka meupe karibu na ncha za mabawa. Ukipanda juu ya genge, akapita chini yako, utaona alama nyeupe mgongoni mithili ya herufi V. Mimi nimeiona mara mbili tu, na mara zote mbili nilisahau darubini ninayo.

Halafu kuna teleka. Wengi wetu humwita mbayuwayu, tukamdhulumu. Mbayuwayu hutua, nyaya za stima zinazotoka Olkaria humpa kiti. Teleka hana miguu ya kutulia wayani. Vidole vyake ni kulabu za kung'ang'ania ukuta, basi hula na kunywa akiwa mbioni. Na ukitazama juu hivyo korongoni, yatazame na mawingu ya milimani: mwaka 2012, na tena 2019, maji ya ghafla yaliua watu humu.

Tumbusi ndiye anayenirudisha. Mwaka 1973 mmoja wa aina inayokaa kwenye magenge haya, tumbusi wa Rüppell, aligongana na ndege ya abiria juu ya Côte d'Ivoire, zaidi ya mita 11,000 kwenda juu. Kinachommaliza, hata hivyo, kiko chini kabisa: mzoga uliotiwa dawa ya wadudu, umetegewa fisi au simba aliyekula ng'ombe wa mtu. Tangu 2015 amewekwa miongoni mwa viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Kwa hiyo tunahesabu, na tunaandika.

Juzi jioni tulikaa chini ya genge, kijana na mimi, kila mmoja na daftari lake. Mimi niliandika tisa. Yeye kumi.

"Hesabu tena, mzee."

Nikahesabu. Tisa, na jiwe la kijivu kwenye kidaka cha pembeni, juu ya mchirizi mweupe mbichi. Nikashusha darubini, nikafuta kioo kwa kona ya shati, nikarudisha. Jiwe likanyoosha shingo.