Mshenga Asiyetajwa: Juu ya Istilahi za Kuunganisha Mifumo ya Biashara

Katika mikataba ya huduma za kompyuta iandikwayo kwa Kiswahili siku hizi, mtu hukuta fungu la maneno la namna hii: muunganisho wa mtu wa tatu kupitia kiolesura cha programu tumizi. Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, mwenye duka atiaye sahihi chini yake hajaambiwa bado ni nani atakayezishika hesabu zake.

Tuanze na kiolesura. Neno hili limekwisha zoeleka, nasi hatuna nia ya kuling'oa pale lilipoota mizizi, yaani kwa vile vitufe na madirisha ayaonayo mtumiaji kwenye kioo cha kompyuta. Sikio husikia "sura" ndani yake, na hapo lafaa. Lakini kile waundaji wa programu wakiitacho API hakina sura. Ni mahali ambapo programu moja hubisha hodi kwa nyingine, ikaonyesha ufunguo wake, ikaomba jambo lililo katika orodha ya mambo yaruhusiwayo kuombwa, ikajibiwa. Jicho la binadamu halihitajiki.

Wenye kazi hawakuwangoja wanaistilahi. Kampuni ya Safaricom ya Kenya, iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, iliyaita makao ya API za huduma hiyo Daraja. Jina hili ni zuri: ni fupi, na kila mtu alijua tangu utotoni. Na libaki kuwa jina la bidhaa. Kwa istilahi, hata hivyo, lina upungufu, maana daraja humpitisha yeyote mwenye miguu; tena daraja ni cheo. Sisi tungependelea lango. Lango lina bawabu, na mwenye nyumba aweza kulifunga au kulihamisha apendavyo, kama itokeavyo toleo la zamani la API liondolewapo.

Lenye madhara zaidi ni "mtu wa tatu". Katika sarufi, nafsi ya tatu ni yule asemwaye naye hayumo katika mazungumzo. Katika lugha ya mikataba, mtu wa tatu ni yule asiyekuwa upande wowote wa makubaliano. Huyu wetu yumo, tena yu katikati! Tuchukue programu ya mauzo na programu ya uhasibu. Moja huandika tarehe kwa kuanza na siku, nyingine kwa kuanza na mwaka. Moja humtambua mteja kwa simu yake, nyingine kwa namba ya akaunti. Huduma ya kati huchukua habari za kwanza, huzigeuza zifahamike kwa ya pili, huzipeleka, na muda wote hushika funguo za malango yote mawili. Ikikwama, kila programu itafanya kazi yake kama kawaida, ila mauzo ya leo hayataonekana katika vitabu.

Tumwite nani? Mkalimani afaa nusu, kwa kuwa hugeuza maneno, lakini mkalimani hapewi funguo za nyumba. Wakala amekwisha chukuliwa na vibanda vya kutolea fedha. Dalali hupokea ujira wake akaenda zake. Twaona mshenga ndiye: ametumwa, nyumba zote mbili zamjua, na maneno yakipotea njiani yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Atakayesema kwamba mshenga kazi yake huisha siku ya ndoa amesema kweli, lakini kasoro hiyo ni ndogo.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hutofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake. Huduma ibebayo majina na namba za simu za wateja kwa niaba ya duka kwa kawaida yaangukia kwa mchakataji, naye ana wajibu. Mkataba umwitao mtu wa tatu humpa nafasi ya kujidai mpita njia.

Kuhusu muunganisho hatuna ugomvi mkubwa, ila kwa kuwa twataja tendo, uunganishaji ni bora; utangamano tuwaachie wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fungu lile, basi, tungeliandika: uunganishaji kwa njia ya mfumo mshenga, kupitia malango ya programu, na jina la mwenye mfumo huo liandikwe katika mstari uo huo.