Mali Bila Daftari

Mpangaji amehama. Ametoa godoro, amelipa deni la umeme, amemkabidhi mwenye nyumba ufunguo. Alichosahau ni kwamba mwaka jana alimchongea rafiki yake ufunguo wa pili. Baada ya wiki chumba kinapata mpangaji mwingine, na siku moja adhuhuri yule rafiki anafika, anafungua mlango kama alivyozoea, anajitupa kitandani mwa mtu asiyemjua. Hana nia mbaya. Ufunguo umefungua, basi anaamini chumba ni kile kile.

Sisi tunaoandika programu kwa lugha ya C++ tunaishi tukimhofia rafiki huyo. Pointa ndiyo ufunguo wenyewe: ni namba tu inayosema kwamba data fulani iko mahali fulani katika memori. Haisemi mahali hapo ni pa nani, wala kama mpangaji bado yumo. Upande mmoja wa programu ukiirudisha memori na upande mwingine ukabaki na namba ya zamani, hakuna kengele inayolia. Memori inapangishwa upya, na namba ile inaendelea kufungua mlango. Mwenye ufunguo akiwa hana nia mbaya, ataharibu data. Mdukuzi naye atahakikisha kwamba mpangaji mpya ni yeye.

Hofu hiyo ina hesabu zake. Wahandisi wa Chromium, mradi ambao kivinjari cha Chrome kimejengwa juu yake, walichambua hitilafu 912 za usalama za daraja la juu zilizopatikana tangu 2015. Takriban asilimia 70 zilitokana na matumizi mabaya ya memori, na nusu ya hizo zilikuwa ufunguo wa chumba kilichokwisha kuhamwa. Walioziandika si wanagenzi. Kilichowashinda ni ukubwa wa nyumba: mamilioni ya mistari, mamia ya mikono, na pengine aliyejua ufunguo wa pili uko kwa nani aliacha kazi zamani.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Pointa janja ni daftari hilo, lililofungwa kwenye ufunguo wenyewe ili asiwepo wa kulisahau nyumbani.

Mizizi yake ni ya zamani. Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark, alianza kuijenga lugha hii mwaka 1979 akiwa Bell Labs, Marekani, na mapema aliipa tabia moja ninayoipenda kuliko zote: kitu kikifikia mwisho wa uhai wake, chenyewe hujifagilia kabla ya kuondoka. Mwaka 1998 ikaja pointa janja ya kwanza rasmi, auto_ptr, nayo ilikuwa na hila: ukiinakili, ile ya awali inabaki tupu kimya kimya. Toleo la 2011 likaleta tatu tunazozitumia hadi leo, na la 2017 likaizika auto_ptr.

Ya kwanza kati ya hizo tatu, unique_ptr, ni hati ya kiwanja. Mwenyewe ni mmoja. Haikubali kunakiliwa; inakubali kuhamishwa tu, tena kwa tamko la wazi. Ya pili, shared_ptr, ni mali ya ushirika: kila anayeingia anahesabiwa, na wa mwisho kutoka ndiye anayezima taa. Ya tatu, weak_ptr, ndiyo yenye adabu kuliko zote. Haimiliki kitu. Kila inapotaka kuingia hupiga hodi kwanza. Ikiitikiwa huingia, ikikuta kimya hurudi ilikotoka.

Lakini daftari nalo linataka mtunzaji. Chukua pointa tupu moja, yaani ile ya kawaida isiyo na daftari, uifungulie ushirika mara mbili, utapata madaftari mawili ya mali moja: kila moja likifika sifuri litataka kuibomoa nyumba, na la pili litabomoa kifusi. Wapo pia wanaotumia ushirika kila mahali kwa kuona uvivu kuamua nani mwenyewe. Hao huishia kwenye programu ambayo hakuna awezaye kusema kitu fulani kinakufa lini.

Mimi nilifundishwa na kosa langu. Katika mfumo mmoja niliokuwa nikiutunza, mzazi alimshika mwana kwa ushirika, na mwana akamshika mzazi vivyo hivyo. Kila mmoja akawa anamwambia mwenzake, “Tangulia wewe.” Hakuna aliyetangulia. Memori ikapanda siku hadi siku mpaka seva ikalala. Dawa ilikuwa badiliko la mstari mmoja: mwana apige hodi. Kuutafuta mstari huo kulinichukua siku nne.

Uzuri wa ufundi huu huonekana pale nyumba inapokuwa kubwa. Mwaka 2022 timu ya Chrome ilieleza jinsi ilivyobadilisha pointa tupu zaidi ya 15,000 kuwa za aina yao yenye ulinzi. Kila kipande cha memori kikapewa hesabu ya funguo zake. Kikirudishwa kabla hesabu haijafika sifuri, hakipangishwi: hujazwa takataka na kuwekwa karantini mpaka ufunguo wa mwisho urudi. Ulinzi huo haukuja bure. Kwenye Windows, memori ya mchakato mkuu wa kivinjari iliongezeka kwa asilimia 4.5 hadi 6.5. Wenyewe walitarajia kwamba ungezuia wadukuzi kutumia takriban nusu ya hitilafu za ufunguo wa zamani katika mchakato huo. Nusu si zote, lakini walikubali kulipa.

Mimi ninachokisifu zaidi ni maandishi. Nikisoma kazi (function) inayopokea unique_ptr, najua bila kumuuliza mtu kwamba nikishaikabidhi, mali si yangu tena. Aliyeiandika huenda yuko bara jingine, huenda hayupo duniani, lakini ameniachia wosia unaosomeka, na kompyuta ndiyo shahidi: nikijaribu kuinakili hati ile, programu haitakubali hata kujengwa. Maelezo ya pembeni huchakaa na kusema uongo. Aina ya pointa haiwezi.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kesho ukikutana na pointa tupu katika msimbo wa watu wengi, usikimbilie kuitumia. Uliza kwanza mali hii ni ya nani. Ukipata jibu, usilibebe kichwani. Liandike kwenye pointa.