Picha za Vijana Uwanjani na Namna ya Kuzipima

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii husemwa juu ya mafundi na wanafunzi, lakini yawahusu hata wapiga picha. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Kinondoni upande wa kaskazini hata Temeke na Mbagala upande wa kusini, wako vijana waendao viwanjani jioni na kamera au simu, ili kuwapiga picha wenzao wachezao mpira. Kazi hiyo ni njema. Lakini mpigaji akizionyesha picha zake, jibu alipatalo ni neno moja tu, "Nzuri!" Nalo halimfundishi kitu. Kwa hiyo tumeona yafaa kuzitazama picha hizo kwa makini, na kusema zipi zimefaa, zipi zimepungukiwa, na kwa sababu gani.

Timu kubwa hazina haja ya msaada wetu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulioko Temeke na uliofunguliwa mwaka 2007, huchukua watu 60,000, na siku ya mchezo mkubwa wapiga picha wa magazeti hujipanga nyuma ya magoli. Mwendo si mrefu kutoka hapo, watoto hucheza chandimu mchangani, wala hapana mwandishi awatazamaye. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiichezea Aston Villa. Leo picha zake hazihesabiki. Je, vijana wa mitaa ile ambao hawakufika mbali? Kwao picha moja ya jioni moja yaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya ujana wao. Ndiyo maana haifai kuipiga kwa uvivu, wala kuisifu kwa uvivu.

Picha za namna ya kwanza ni zile za mchana. Dar es Salaam haiko mbali na ikweta, hivyo jua la saa sita husimama karibu na utosi, na macho ya mchezaji hufunikwa na kivuli cha paji lake. Tena mchanga mweupe wang'aa. Kamera huupima mwanga wa picha nzima, ikaona umezidi, ikaupunguza. Basi uso wa mtoto wageuka doa jeusi, na mchanga watoka vizuri. Watu husema kamera ni mbovu. Sivyo. Kamera haijui kwamba uso una thamani kuliko mchanga. Ajuaye ni mpigaji, naye yampasa kuuongeza mwanga hata uso uonekane, au kungoja saa kumi alasiri jua likiisha kuinama. Na tusisahau kwamba zamani picha za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa kutazama kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, hivyo ngozi nyeusi haikutoka vema. Chombo huona kama walivyoona waliokitengeneza, na mwenye kukitumia hana budi kukisahihisha.

Picha za namna ya pili zapigwa kwa mbali, mpigaji akiwa amesimama pembeni pamoja na watazamaji. Wachezaji huonekana kama siafu, mpira hauonekani, na aliye karibu ametupa mgongo. Dawa yake si kamera ya bei kubwa. Mpigaji na asogee karibu na mstari wa goli, apige goti hata macho yake yawe sawa na macho ya mtoto, kisha angoje mchezo umjie. Miguu ya mkimbiaji yataka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, au ya mia tano kwa uchache, isije ikatoka kama moshi.

Katika namna hii tumeona moja iliyotupendeza. Ni ya mlinda mlango aliyeruka akaukosa mpira. Mikono ingali hewani, na nyuma yake wenzake wamefumbua vinywa. Mstari wa goli umekwenda upande, na mtu wa kushika kanuni ataitoa kasoro. Sisi hatukuona hasara, kwa kuwa habari yote ya mchezo imo: jitihada, kushindwa, na huzuni ya wenzake.

Namna ya tatu husifiwa kuliko zote, nayo ndiyo tunayoilaumu. Ni picha ya miguu mitupu, fulana iliyochanika na mpira wa matambara, katika mwanga mzuri wa magharibi. Kwa ufundi haina kosa. Lakini mtoto amekatwa kichwa. Hatujui jina la mchezo wake, wala kama ana mguu wa kulia au wa kushoto, wala kama alifunga. Mpigaji hakuja kutazama mpira, alikuja kutafuta huruma.

Wako watakaotujibu kwamba umaskini ni kweli, nao haufai kufichwa. Twakubali. Basi waupige picha uwanja wenyewe: mashimo yake, maji ya mvua yaliyotuama, na njia ya watu inayoukata katikati, ili wenye mamlaka waone la kutengeneza. Bali mtoto aonyeshwe akitenda lile alilokwenda kulitenda. Kipimo chetu ni hiki: je, yeye mwenyewe angependa wenzake waione? Tena aombwe ruhusa, na wazazi wake pia, maana sura ya mtoto si mali ya kila mpita njia. Nchi ya Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Basi wasomaji, hata vijijini kwenu watoto watarudi na picha za UMITASHUMTA, za mpira wa miguu na za mpira wa pete wa wasichana. Mkiulizwa, msiseme "Nzuri" mkageuka. Tazameni kwanza, mseme mnachokiona. Kisha tajeni jambo moja lililofaa na moja lililopungua, pamoja na sababu yake. Mwiteni na mchezaji mwenyewe aseme, maana huona asiyoyaona fundi: mguu uliowekwa vibaya, au pasi iliyokuwa inakuja. Na mpiga picha asikasirike. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na kesho jioni vijana watakuwa uwanjani tena, naye aweza kurudi na kupiga goti mahali pazuri zaidi.