Darasa Lililoachwa Nje: Mtazamaji Kijana na Filamu ya Vita vya Kwanza vya Dunia

Utangulizi

Filamu ya vita ya kihistoria ina mtazamaji mmoja ambaye wahakiki humsahau kwa urahisi. Huyu ni kijana wa miaka 16 au 17 aliye likizoni, ambaye huitazama filamu siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Huijia kazi hiyo bila istilahi za uhakiki, na maswali yake huwa matatu: Je, mambo haya yalitokea kweli? Kwa nini vijana hawa walikubali kwenda? Na mimi ningeitwa, ningefanyaje? Mhakiki aliyezama katika nadharia aweza kuyapuuza maswali haya kwa kudai kuwa ni ya mtu asiyetofautisha sanaa na maisha. Makala haya yana rai nyingine. Maswali ya kijana yanagusa kiini cha kazi yenyewe, na filamu inayodai kusimulia habari za vijana waliouawa vitani haina budi kupimwa kwa namna inavyoyajibu.

Kazi inayochunguzwa hapa ni filamu ya Edward Berger ya mwaka 2022, Im Westen nichts Neues, ambayo watazamaji wengi nje ya Ujerumani wanaijua kwa jina la All Quiet on the Western Front. Chimbuko lake ni riwaya ya Erich Maria Remarque iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1929, ambayo Lewis Milestone alikwisha kuigeuza filamu nchini Marekani mwaka 1930. Filamu ya Berger ilitunukiwa Oscar 4 mwaka 2023, ikiwemo ya filamu bora ya kimataifa. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba filamu hii imefaulu sana kusawiri jinsi vita vinavyouangamiza mwili wa kijana, lakini imedhoofika katika kusawiri jinsi kijana anavyofikishwa vitani. Udhaifu huo unatokana na uamuzi mmoja wa msuko: darasa limeachwa nje mapema mno.

Sare na jina

Ni haki kuanza na mafanikio ya kazi. Berger anafungua filamu yake kwa askari kijana, Heinrich, anayeuawa katika shambulio. Kamera haibaki na maiti yake; inaifuata sare. Sare inavuliwa, inafuliwa pamoja na nyingine nyingi, inashonwa matundu na wanawake walio mbele ya vyerehani, kisha inapelekwa kwa askari wapya. Paul Bäumer, mwanafunzi wa miaka 17 aliyeghushi idhini ya wazazi ili aandikishwe, anapokabidhiwa sare yake anakuta ina jina la mtu mwingine. Anaambiwa kuwa huenda ilimbana mwenyewe, na kile kitambaa chenye jina kinabanduliwa. Mtazamaji anajua asilolijua Paul. Kinaya hiki cha kidrama kinamfunza mtazamaji kijana, bila hotuba yoyote, kwamba jeshi limekwisha kumwandalia Paul mrithi kabla hajafyatua risasi ya kwanza.

Katika riwaya ya Remarque kazi kama hii inafanywa na viatu vya Kemmerich, vinavyopita kutoka kwa rafiki hadi kwa rafiki kila mwenye navyo anapofariki. Mabadiliko aliyofanya Berger yana maana. Viatu vinarithiwa baina ya watu wanaojuana na kupendana, ilhali sare inapita katika mitambo isiyomjua mtu. Taswira ya Remarque inauzungumzia urafiki ndani ya mauti; ya Berger inakizungumzia kiwanda. Zote mbili ni halali, na hii ya pili inaafiki vyema dhamira ya filamu.

Mfano mwingine wa ufundi ni uhusiano wa Paul na Katczinsky, fundi viatu asiyejua kusoma. Paul anamsomea Kat barua ya mkewe. Tukio hili linaweza kumpita mtazamaji, kwa kuwa halina mlipuko wala damu, lakini ndipo mahali pa wazi ambapo elimu ya Paul inamfaa mtu vitani. Masomo yote ya miaka ya shule yanakuwa na thamani pale yanapotumika kumfikishia baba habari za nyumbani na huzuni ya mtoto aliyekufa.

Mwalimu aliyesahauliwa

Hapa ndipo tatizo linapoanzia. Katika filamu ya Berger, hotuba ya kuwahamasisha vijana inatolewa shuleni, vijana wanashangilia, na baada ya hapo shule inatoweka. Mwalimu harudi tena, wala Paul harudi kwao kwa likizo. Kijana anayeuliza kwa nini walikubali kwenda anapewa jibu la dakika chache, kisha anapelekwa kwenye mahandaki kwa muda wote uliobaki.

Watunzi waliotangulia hawakuliacha jambo hili hivi. Remarque, ambaye alikuwa akisomea ualimu alipoitwa jeshini mwaka 1916 na ambaye alifundisha kwa muda mfupi baada ya vita, aliupa wajibu wa mwalimu uzito mkubwa. Katika riwaya, mwalimu Kantorek ndiye anayewashawishi wanafunzi wake wajiandikishe. Joseph Behm, aliyesitasita kuliko wenzake, anakuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Baadaye Kantorek mwenyewe anaandikishwa, na mwanafunzi wake wa zamani, Mittelstaedt, anamkwatisha gwaride huku akimrudishia maneno aliyokuwa akiyatumia darasani. Kejeli hii ni kali, lakini shabaha yake ni bayana: mwenye kunena atawajibika kwa alichokinena.

Milestone alikwenda njia nyingine. Katika filamu ya 1930 Paul, akiwa likizoni, anaingia katika darasa lake la zamani na kumkuta Kantorek akiendelea na hotuba ile ile mbele ya wanafunzi wapya. Anaombwa awaeleze ushujaa wa vitani. Anakataa kuupamba, anawaambia vijana hao kuwa kufa huko ni uchafu na maumivu, nao wanamwita mwoga. Tukio hili halimo katika riwaya. Kwa hiyo hoja ya makala haya haihusu uaminifu kwa matini ya asili, kwani Milestone naye aliongeza na kupunguza. La muhimu ni kwamba nyongeza yake inamweka mtazamaji kijana mahali pagumu. Anaketi, kwa maana fulani, kwenye dawati moja na wale wanaomzomea Paul. Analazimika kujiuliza kama naye asingezomea. Swali lake la tatu, lile la ningefanyaje, linageuka kutoka ndoto ya ushujaa na kuwa mtihani wa usikivu.

Kwamba tamthilia hii ya maneno ilikuwa na uzito halisi kunathibitishwa na historia ya filamu yenyewe. Ilipoonyeshwa Berlin mwezi wa Desemba 1930, wafuasi wa Goebbels waliivuruga kwa mabomu ya uvundo na kwa kuachilia panya weupe ukumbini. Siku chache baadaye, tarehe 11 Desemba, mamlaka ya udhibiti iliipiga marufuku kwa hoja kwamba inaharibu sifa ya Ujerumani. Mwaka 1939 vijana wa nchi hiyo walikuwa vitani tena.

Mtetezi wa Berger ana jibu lake, nalo linastahili kusikilizwa. Atasema kwamba pengo la darasa limejazwa na masimulizi ya pili: Matthias Erzberger akitafuta mkataba wa kusitisha vita katika msitu wa Compiègne, na Jenerali Friedrichs akiwasukuma askari waliochoka katika shambulio la mwisho. Kwa njia hiyo, atadai, filamu imevionyesha vyanzo vya kisiasa vilivyokosekana katika riwaya. Jibu hili lina nguvu kiasi. Erzberger ni mtu wa kweli, na kuuawa kwake na wazalendo wenye siasa kali mwaka 1921 kunayapa matukio hayo kivuli cha mambo yatakayofuata. Lakini Friedrichs, mhusika wa kubuni, ni adui mwepesi mno. Anakula vizuri, anamwaga mvinyo, anawadharau wanasiasa, na kila mtazamaji anamchukia bila taabu. Mwanafunzi anayerudi shuleni hatakutana na jenerali. Atakutana na mwalimu, kiongozi wa dini, mwanasiasa anayekuja kugawa zawadi, na wenzake wanaomwogopesha kwa jina la mwoga. Filamu inapouhamishia uovu katika jumba la jenerali, inamwachilia huru kila mmoja wa hao.

Saa tano asubuhi

Swali la ukweli nalo halina budi kujibiwa. Katika riwaya, Paul anafariki mwezi wa Oktoba 1918, katika siku tulivu. Berger anamfisha tarehe 11 Novemba, katika shambulio la Wajerumani linaloanza muda mfupi kabla ya saa tano asubuhi, saa ya kusitisha vita. Shambulio hilo ni la kubuni, lakini limesimama juu ya jambo la kweli: watu waliendelea kuuawa asubuhi hiyo. Mwanajeshi wa Marekani, Henry Gunther, aliuawa saa 4:59, dakika 1 kabla ya bunduki kunyamaza. Mtunzi amekibadili kifo kisichotambuliwa na mtu kuwa kifo cha kinaya kikuu. Kilichopatikana ni msisimko. Kilichopotea ni ule uchungu wa Remarque, kwamba kijana aweza kufa siku ambayo hakuna hata habari ya kuandika.

Kwa mtazamaji kijana wa Afrika Mashariki kimya cha saa tano kina utata mwingine. Huku vita havikukoma siku hiyo. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha majeshi yake tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa na wapagazi Waafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na majina ya Kariakor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Berger hawezi kulaumiwa kwa hili, maana jina la kazi yake linataja upande wa Magharibi tu. Wajibu unamwangukia anayeifundisha filamu hii huku. Asipoutaja mwezi huo wa Novemba kwa ukamilifu, kijana atahitimisha kuwa vita vilikuwa vya Paul peke yake.

Neno na risasi

Fasihi ya Kiswahili ina kazi inayoweza kuliziba pengo lililoachwa na darasa. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa dhidi ya dola ile ile ya Kaiser Wilhelm wa Pili ambayo baadaye ilimpeleka Paul mahandakini. Makadirio ya waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata huanzia watu 75,000 na kufikia 300,000. Humo pia vijana wanakwenda mbele ya bunduki kwa nguvu ya neno, kwamba maji yatawakinga. Hussein, aliyetahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule wa historia, hakuishia kulaani udanganyifu. Mhusika wake anaanza kulishuku neno lake mwenyewe, lakini anapotakiwa na Wajerumani alikane, anakataa, kwa kuwa kukana kwake kutawaambia watoto wa kesho kuwa kupigania uhuru ni kosa.

Ukilinganisha matukio haya mawili, Paul wa Milestone na Kinjeketile wa Hussein wanasimama pande mbili za swali moja. Wote wawili wanajua kuwa neno halikuuzuia mwili usitobolewe. Mmoja anarudi kwa vijana kulikana. Mwingine anakataa kulikana kwa ajili ya vijana. Tofauti haiko katika ujasiri wao. Kantorek alikuwa akiwatumia wanafunzi kuitumikia dola iliyotaka ardhi na utukufu. Neno la Kinjeketile liliwaunganisha watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba ya mkoloni. Hata hivyo Hussein hamsamehi Kinjeketile kwa urahisi, kwani maiti zimelala jukwaani. Kijana anayezisoma kazi hizi pamoja hafundishwi kwamba kila wito ni uongo, wala kwamba kila wito ni mtakatifu. Anafundishwa kuuliza: anenaye ni nani, ananena kwa faida ya nani, na yeye mwenyewe atakuwa wapi risasi zitakapoanza?

Hitimisho

Filamu ya Berger ni kazi kubwa, na hakuna sababu ya kumzuia mwanafunzi aliyekaribia utu uzima asiitazame, ingawa ukatili wake ni mwingi. Inamjibu vyema kuhusu maumivu. Inamjibu kwa kiasi kuhusu historia. Lakini kuhusu sababu za vijana kukubali kwenda, inamwacha na jenerali wa kumchukia, na chuki hiyo haimdai chochote. Hofu ya kuona maiti hufifia. Uwezo wa kulipima neno hujengwa polepole, na darasa ndipo mahali pake. Kwa sababu hiyo inapendekezwa kwamba filamu hii isifundishwe peke yake. Iandamane na sura za riwaya zinazomhusu Kantorek, na tukio la darasani la 1930, na Kinjeketile. Mwalimu atakayefanya hivyo atakuwa amejiweka yeye mwenyewe katika mizani mbele ya wanafunzi wake, kwa kuwa swali la kwanza watakalojifunza kuuliza litahusu maneno anayowaambia yeye.