Jasho la Bati: Matundu ya Hewa kwa Paa la Lushoto

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mwezi wa saba, nilipanda ngazi nyumbani kwa mjomba wangu, juu kidogo ya mji wa Lushoto, nikasukuma kifuniko cha dari, nikaingiza kichwa na tochi. Nyumba ilikuwa na miezi minane tangu iezekwe. Kila msumari uliotokeza chini ya papi ulikuwa umebeba tone lake la maji, na bati lote, toka kwenye kofia ya kileleni hadi ukutani, lilikuwa limelowa kama mfuniko wa sufuria ya wali. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa. Fundi alikwishaitwa mara mbili kutafuta bati linalovuja. Mara zote mbili alipanda, akapaka lami kwenye vichwa vya misumari, akalipwa, akaondoka. Doa la kahawia kwenye jipsamu ya sebuleni likaendelea kutanuka.

"Mpwa wangu, hili bati jipya," mjomba aliniambia akiwa ameshika ngazi. "Linavuja wapi?"

Halikuwa linavuja popote. Watu wa huku wanasema bati linatoka jasho, na wamesema kweli, ila jasho lenyewe si la bati. Ni letu sisi tunaolala chini yake.

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Magamba na Shume ziko juu zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi. Anga likiwa jeupe, bati hupeleka joto lake moja kwa moja angani, likapoa kuliko hata hewa inayoligusa. Chuma chenyewe ni chembamba, hakifiki nusu milimita, kwa hiyo hakina akiba ya joto la mchana. Chini yake kuna watu sita wanaopumua, chai inayochemka, maji ya kuoga yanayofuka mvuke. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 10, uwezo huo unashuka hadi gramu 9 na kidogo. Chukua sebule yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70: hewa yake ina gramu 12. Hewa hiyo ikipanda kupitia tundu la taa na kukutana na bati la nyuzi 10, karibu gramu 3 kwa kila mita ya ujazo hazina pa kukaa. Nafasi ya juu ya dari ya mjomba ni kama mita za ujazo 80. Kila mara hewa ya vyumbani inapoijaza nafasi ile, glasi nzima ya maji inabaki kwenye bati.

Waliotangulia hawakuwa na shida hii, na inafaa kujua kwa nini. Nyumba ya kale ya Wasambaa ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa nyasi, na moto uliwaka ndani. Hakukuwa na tundu lililokatwa kwa makusudi, kwa sababu paa lote lilipumua. Moshi ulipenya nyasi polepole, ukazikausha na kufukuza wadudu, na mahindi yaliyowekwa juu ya moto yakakauka pamoja nazo. Wajerumani nao, walipoufanya mji huu makao yao ya mlimani na kuuita Wilhelmstal, walikuja na desturi ya paa la mteremko mkali. Kwenye paa kama hilo, fundi wa zamani aliyepigilia mbao chini ya vigae au bati alipata faida kubwa: mbao hunywa unyevu wa usiku na kuurudisha hewani jua likichomoza, bila tone kudondoka.

Sisi tumechukua bati tupu, tukaweka jipsamu chini yake, tukaziba pembeni kwa fishabodi na kufunika chini ya upenu ili ndege wasiingie. Nyumba inapendeza ukiiona barabarani, lakini juu ya dari pamekuwa sanduku lililofungwa pande zote. Matundu pekee yaliyobaki ni yale ya taa, na hayo yanaelekea vyumbani.

Kwa hiyo tulikaa na mjomba tuchague matundu ya hewa. Madukani na kwa mafundi kuna njia nne.

Ya kwanza ni ile feni ya duara inayozungushwa na upepo juu ya paa. Niliiondoa mapema. Inahitaji upepo wa kutosha, na mji wa Lushoto umekaa bondeni, umezungukwa na vilima. Usiku mtulivu wa Julai, wakati hasa bati linapolowa, feni haizunguki. Tena unatoboa bati zima lisilo na kasoro ili kuiweka.

Ya pili ni kuinua kofia ya bati kidogo ili hewa itoke kileleni kwa urefu wote wa nyumba. Kwa hesabu ya fizikia hii ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa hewa yenye joto hukimbilia pale pale. Niliipenda, na nusura niichague. Kilichonizuia ni ukungu na mvua ya upande. Kusi linapovuma kutoka baharini linapanda mlima likiwa limebeba unyevu, na mvua ya huku mara nyingi haianguki wima. Kofia iliyoinuliwa inahitaji kizuizi cha maji kilichotengenezwa kiwandani na fundi aliyezoea kukifunga. Bila hivyo vyote viwili, utakuwa umeacha jasho la bati ukapata bati linalovuja kweli.

Zikabaki mbili zinazofanya kazi pamoja: mwanya mrefu chini ya upenu wa kuingizia hewa, na madirisha madogo ya luva kwenye kuta za pembetatu za kutolea. Nyumba ya mjomba ni mgongo wa tembo, yenye kuta mbili za pembetatu zinazotazamana, na hilo lilitusaidia. Mwenye paa la pande nne hana ukuta wa kuweka luva. Huyo hana budi kurudi kwenye kofia na kuigharimia ipasavyo.

Ukubwa wake je? Kanuni inayotumika sana ni sehemu moja kwa mia tatu: kila mita za mraba 300 za dari zipate mita moja ya mraba ya uwazi halisi, mradi uwazi huo ugawanywe karibu nusu kwa nusu kati ya juu na chini. Usipogawanywa hivyo, inakuwa moja kwa mia na hamsini. Kanuni hii ilitoka Marekani, nchi ya theluji, na iliingia katika masharti ya nyumba ya serikali ya huko mwaka 1942. Haikupimwa kwa ajili ya milima yetu hii ya Usambara. Naitumia kama mahali pa kuanzia tu.

Dari ya mjomba ni mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Gawanya kwa 300, unapata sentimita za mraba 2,667 hivi. Nusu yake, 1,333, iende juu. Kuta ni mbili, kwa hiyo kila moja inahitaji uwazi halisi wa sentimita za mraba 667. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Luva na wavu vinakula karibu nusu ya tundu, kwa hiyo tundu lenyewe likatwe mara mbili ya hapo. Dirisha la sentimita 45 kwa 30 linatosha. Nusu ya chini inagawanywa kwenye upenu wa pande mbili ndefu, mita 20 kwa jumla. Nayo ukiizidishia mara mbili kwa ajili ya wavu, unahitaji mwanya wa sentimita 1.3 tu. Tuliacha sentimita moja na nusu, upana wa kidole, nyuma ya fishabodi.

Huo mwanya wa kidole ndio watu wengi wanaousahau, na ndio ninaoujali kuliko yote. Nimeona nyumba zenye luva kubwa nzuri kwenye pembetatu na upenu uliozibwa kabisa. Hewa ikitoka juu lazima nyingine iingie kufidia. Isipopata njia ya nje, inavutwa kutoka vyumbani kupitia matundu ya taa na nyufa za jipsamu, nayo ndiyo hiyo hewa yenye mvuke. Mwenye nyumba amelipia matundu ya kuongeza jasho. Uwazi wa chini usiwe mdogo kuliko wa juu. Ukiwa mkubwa zaidi, haudhuru.

Kuhusu wavu, Lushoto ina sababu yake ya pekee ya kuwa makini. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hii iliteswa na tauni, na wagonjwa walioandikishwa walizidi 7,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wamefanya kazi ya miaka mingi huku juu ya panya na viroboto wao. Panya wa nyumbani ni mpandaji hodari, na familia nyingi huhifadhi mahindi darini. Kumwachia mwanya wa sentimita moja na nusu bila wavu ni kumfungulia mlango. Wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6 unamzuia panya na popo, lakini nyuki anapita. Kundi la nyuki likishafanya makao juu ya jipsamu, kulitoa ni kazi ya kubomoa. Tulitumia macho ya milimita 3, wavu wa chuma na si wa plastiki, kwa sababu plastiki panya anaitafuna kwa usiku mmoja.

Mbu kwa hapa juu sikumpa uzito ule ule. Utafiti wa malaria uliofanywa kwenye vijiji sita vya Usambara, kuanzia mita 300 hadi 1,700, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba maambukizi yanapungua takriban mara elfu moja ukitoka tambarare hadi kwenye uwanda wa juu. Ukiteremka Mombo au Korogwe, hesabu inageuka. Kule mbu wa malaria hupenda kuingia kwa mwanya wa upenu, kwa hiyo wavu uwe wa mbu, na kwa kuwa macho yake madogo yanazuia hewa zaidi, tundu liwe kubwa zaidi. Adui wa huko ni joto, na jasho la bati halisumbui sana. Pale Magoda, wilaya ya Muheza, chini ya Usambara Mashariki, watafiti na wasanifu walijenga nyumba sita za mfano ambazo kuta zake zenyewe zinapitisha hewa na kuzuia mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za kijijini. Sitajenga kuta za namna hiyo Magamba, watoto watatetemeka kwa baridi. Lakini swali waliloanza nalo, hewa iingie wapi na mbu azuiwe wapi, ndilo linalopaswa kuulizwa kila mahali.

Kuna jambo lazima niliseme wazi, kwa sababu wauza vifaa hawalisemi. Matundu hayazuii bati kulowa. Usiku wa ukungu hewa ya nje yenyewe imejaa maji, na ikiingia darini italiacha bati limelowa vile vile. Kazi ya matundu ni kukausha: jua likipiga bati asubuhi, hewa iliyo chini yake inapata joto, inapanda, inatoka kwenye luva na kubeba mvuke kabla haujaishia kwenye mbao na jipsamu. Kuzuia mvuke usipande ni kazi nyingine, nayo ni ya bei rahisi. Tuliziba kwa gundi ya silikoni kuzunguka kila taa. Kifuniko cha dari tulikiwekea ukanda wa sponji. Bomba la kutolea hewa bafuni lilikuwa limeishia juu ya dari, likimimina mvuke wote wa kuoga pale pale, tukalirefusha hadi nje. Nadhani bomba lile peke yake lilikuwa robo ya tatizo.

Luva tuliziinamisha nyuzi 45 na kuziwekea kikofia cha bati kwa juu, hasa ile ya upande wa kusini-mashariki inayopokea kusi. Mtaro mdogo wa bati chini yake unarudisha nje tone lolote litakalopita. Seremala wa Lushoto alitengeneza luva zote mbili kwa mbao ya msaipresi, kwa siku moja.

Julai iliyofuata nilipanda tena, saa ile ile. Misumari michache karibu na kofia ilikuwa na matone. Sehemu nyingine ya bati ilikuwa na ukungu mwembamba ambao kidole kinaacha alama. Nilirudi saa nne asubuhi nikakuta bati kavu na mbao za kenchi kavu, na upepo mdogo ukitoka kwenye luva, nikausikia mkononi. Doa la sebuleni halijatanuka tangu wakati huo. Mjomba amelipaka rangi.

Kazi ile ilituchukua siku nne, tatu kati ya hizo tukitambaa kwa tumbo juu ya jipsamu tukiogopa kuipasua. Ikifanywa kabla dari haijafungwa, ni kazi ya asubuhi moja. Kama kenchi zako ziko juu na bado unaona bati ukiwa umesimama sakafuni, mwite fundi leo, akuonyeshe kwa kidole hewa itaingilia wapi na itatokea wapi. Asipoweza kukuonyesha, usimruhusu apigilie jipsamu.