Rabbit-Proof Fence: Usinyanyuke Kabla ya Maandishi ya Mwisho

Ukimtafuta shetani katika Rabbit-Proof Fence, filamu ya Phillip Noyce ya mwaka 2002, usimtafute porini. Yuko ofisini Perth, kavaa suti, anasoma barua. Anaitwa A. O. Neville, na cheo chake ni Mlinzi Mkuu wa Waaborijini wa Australia Magharibi. Kisheria, yeye ndiye mlezi wa watoto wao. Mama mzazi hana sauti.

Mwaka 1931, kule Jigalong, Neville anaamuru wasichana watatu wachukuliwe: Molly, mdogo wake Daisy na binamu yao Gracie. Kosa lao ni kuwa machotara. Wanapelekwa kambi ya Moore River, ambako wakikutwa wakiongea lugha ya kwao wanakemewa. Molly, mwenye miaka 14, anawachukua wenzake wanatoroka. Anajua jambo moja tu: uzio mrefu uliojengwa kuzuia sungura wasiingie mashambani unapita Jigalong. Basi wanaufuata, zaidi ya kilometa 1,500 kwa miguu.

Huo uzio una mambo. Baba yake Molly, Mzungu, alikuwa mfanyakazi wake. Yaani uzio ndio ulioleta damu ambayo serikali inaiona tatizo, na uzio huohuo ndio unaomrudisha mtoto kwa mama yake. Noyce hatuelezi sana hapa, anatuachia wenyewe tuone. Safi kabisa.

Kenneth Branagh anamcheza Neville bila kupaza sauti. Anawaonyesha akina mama wa Kizungu picha za vizazi vitatu, kila kizazi cheupe kuliko kilichotangulia, utadhani anazungumzia mbegu bora za mifugo. Mwanamke akiomba viatu vipya, jamaa anahesabu alipata vingine lini. Na anaamini kwa moyo wote kwamba anasaidia. Hapo ndipo filamu inapotisha. Katili anayejijua unaweza kumsubiri siku ajutie. Huyu atajutia nini?

Everlyn Sampi, aliyemcheza Molly, hakuwahi kuigiza kabla, na haongei sana. Macho yake yanatosha. David Gulpilil, kama mfuatilia nyayo anayetumwa kuwasaka, naye anasema maneno machache mno, huku binti yake mwenyewe akiwa ndani ya kambi ileile. Muziki wa Peter Gabriel ni mzuri, ila mara nyingine unatusukuma tulie wakati tumeshaanza kulia.

Lalamiko langu kubwa ni mwisho. Molly na Daisy wanafika, mama anawakumbatia, na sisi watazamaji tunashusha pumzi. Kisha wanatokea Molly na Daisy wenyewe, sasa wazee, na Molly anasimulia kwamba alipokuwa mtu mzima alichukuliwa tena, pamoja na binti zake wawili. Akatoroka tena kwa miguu, amembeba mdogo, Annabelle. Baadaye Annabelle naye akachukuliwa, na Molly hakumwona tena.

Hivi kweli hayo ni ya kuachiwa mistari michache? Binti mkubwa aliyebaki Moore River ni Doris Pilkington Garimara, mwandishi wa kitabu cha 1996 kilichozaa filamu hii. Kwa hiyo safari tunayoishangilia imeandikwa na mtoto ambaye mama yake alishindwa kutoroka naye. Ushindi ulikuwepo, lakini ulidumu miaka michache tu. Sheria ilikuwa palepale, na faili lilikuwa palepale.

Tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Molly alikuwa amefariki mwaka 2004.

Itazameni. Na wakati wengine wanatafuta rimoti, ninyi bakini mmekaa, msome hadi mstari wa mwisho.