Primula bila primini: kazi ya kuchagua kisichoonekana

Primula obconica ni ua la chungu lenye asili ya China, lililoingia katika bustani za Ulaya karibu na mwaka 1880. Huchanua ndani ya nyumba kwa miezi mingi, hata wakati wa baridi, ilimradi maua yaliyonyauka yanyofolewe. Kunyofoa huko ndiko kulikowaponza wengi. Majani, vikonyo na vikombe vya maua yake vina vinyweleo vyenye tezi, na tezi hizo hutoa kemikali iitwayo primini. Mwenye mzio nayo hutokwa na malengelenge kwenye ncha za vidole, kisha michirizi myekundu mikononi, na mara nyingi kope nazo huvimba, maana mkono hauchelewi kufika usoni.

Bloch na Karrer waliitenga primini huko Zürich mwaka 1927; muundo wake ulibainishwa na Schildknecht mwaka 1967. Ni kali kiasi kwamba madaktari wanaopima mzio kwa kubandika dawa mgongoni hutumia vaselini yenye asilimia 0.01 tu ya primini. Glovu husaidia, lakini si kinga kamili: watafiti wa Denmark walionyesha kwamba mmea huachia primini hewani hata usipoguswa. Ikabaki njia moja ya maana, kuubadili mmea wenyewe.

Kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua si kazi ngeni kwa wazalishaji wa mbegu. Ugumu ulikuwa kwenye kuchagua. Mwenye kutafuta rangi mpya hupita kitaluni akitazama, na ua humjibu papo hapo. Ukosefu wa primini hauna rangi wala harufu. Majani hayana budi kupimwa maabara. Na kupima primini peke yake kunaweza kudanganya, kwani primula hii hutengeneza pia mikonidini, ambayo ikikutana na oksijeni hugeuka kuwa primini. Tena, primula kwa kawaida zina maua ya namna mbili, mengine stigma, yaani sehemu inayopokea chavua, imechomoza, mengine imezama, mpangilio unaozuia ua kujichavusha. Ni faida kwa mmea porini, lakini kwa anayetaka ukoo usiobadilika ni kero, kwa sababu sifa moja hukaziwa kwa kuuchavusha mmea kwa chavua yake wenyewe kwa vizazi kadhaa.

Matunda ya kazi hiyo ni aina kama Touch Me, ya kampuni ya Schoneveld ya Uholanzi, na Libre ya Goldsmith. Uchunguzi wa kliniki za ngozi nchini Uingereza na Denmark umeonyesha kwamba mzio wa primini umepungua. Sifa zote haziwezi kupewa wazalishaji, kwani wauzaji wengi walikuwa wameshaacha kuuza primula za zamani kwa sababu ya jina baya la ua hilo. Aina mpya zimewezesha ua hilo kurudi madukani bila primini.